Mtoto akipimwa ADHD, mzazi naye apimwe siku hiyohiyo. Nani anabisha?

Kichwa Wazi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nina hoja moja, ipondeni mkitaka. Mimi naona ni uzembe kumpima mtoto ADHD (ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutuliza umakini au kujizuia), kumkabidhi mzazi karatasi ya maelekezo, kisha kumwacha mzazi huyo aondoke bila kuulizwa hata swali moja kuhusu yeye mwenyewe.

Mwanangu alipopatikana na hali hii tulipewa mpango: ratiba ya ukutani, stika kwa kila jukumu alilomaliza, maelekezo mafupi moja moja, kulala na kuamka saa zilezile, begi la shule liandaliwe usiku. Mpango mzuri kabisa. Sasa nani wa kuusimamia? Mimi, ambaye nikiweka kitu kwenye droo kitu hicho kimeshakufa. Ratiba niliichora kwa kalamu za rangi, nikaipenda mno, ikafanya kazi mpaka stika zilipokwisha. Stika mpya nilinunua. Zimo humuhumu ndani, mahali fulani.

Hapo ndipo nilipojiuliza, hivi anayetibiwa hapa ni nani? Nikaenda kupimwa, nikaambiwa na mimi ninayo, na dalili zinaonekana tangu utoto. Ripoti zangu za shule karibu zote zina maneno yaleyale: ana uwezo, ila hajitumi.

Wapo wengine waliojijua kupitia watoto wao? Na mnaendeshaje nyumba yenye watu wawili wa aina hii?

Mtazamaji

Nimekaa siti ya mbele, wajuzi waje.

Mama Wawili

@Kichwa Wazi, umenikamata. Kwangu ilikuwa kwenye dodoso. Nimeshika kalamu najaza habari za binti. Hupoteza vitu vyake? Ndiyo. Huanza kazi nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza? Ndiyo. Huonekana kama hasikilizi akizungumzishwa? Hapo nikashtuka naguswa bega. Mtaalamu alikuwa ameshaniita mara kadhaa, sikusikia hata moja.

Mimi sikuwahi kuwa mtukutu. Nilikuwa yule mtoto wa dirishani, mpole, haandikwi kwenye orodha ya wapiga kelele. Watu wakisikia ADHD wanamfikiria mvulana anayepanda juu ya kabati. Kliniki za watoto huona wavulana mara mbili ya wasichana au zaidi, lakini ukija kwa watu wazima pengo hilo linapungua sana. Wale wasichana walikuwa wapi? Walikuwa dirishani.

Nilivyojishikilia miaka yote ni kwa hofu. Kukagua mlango, kurudi kuukagua tena, kufika saa nzima kabla ya wakati ili nisichelewe, kuandika mambo kwenye kiganja. Ilitosha nilipokuwa na kichwa kimoja cha kukumbuka. Walipokuja watoto, zikaja sare, chanjo, mikutano ya wazazi, viatu ambavyo jana vilitosha na leo havitoshi, kila kitu kikamwagika. Daktari wa kwanza akasema huu ni wasiwasi tu. Wasiwasi ulikuwepo kweli, ila ndio uliokuwa ukiniendesha nisianguke.

Shoka Butu

Mtanichukia, lakini nani hapotezi vitu? Nani haanzi kazi tatu kwa mpigo? Ni hizi simu tu. Mtu anatazama video za sekunde kumi na tano mchana kutwa, jioni anashangaa kitabu hakisomeki. Wazee wetu hawakuwa na ADHD, walikuwa na kazi za kufanya.

Nesi wa Zamu

@Shoka Butu, hakuna anayekuchukia, ila tarehe zinakukataa. Mwaka 1798 daktari Mskoti, Alexander Crichton, aliandika kuhusu watu ambao umakini wao hautulii, kiasi kwamba hata mbwa akibweka wanapotea kabisa. Mwaka 1902 George Still alitoa mihadhara London juu ya watoto wenye akili nzuri wasioweza kujizuia. Mwaka 1937 kule Marekani, Charles Bradley aliwapa watoto Benzedrine, dawa ya kuchangamsha ubongo, akihangaikia maumivu yao ya kichwa, akaona baadhi wanatulia na kufanya kazi za darasani vizuri kuliko kawaida. Simu iko wapi hapo?

Halafu kusahau peke yake hakumfanyi mtu awe na ADHD. Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili unaotumika sana, DSM-5 wa mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi (nyumbani na kazini, kwa mfano), ziwe zinakuharibia maisha, na kusiwe na maelezo mengine yanayozieleza vizuri zaidi. Mtoto anahitaji dalili sita za kundi moja (la kukosa umakini au la utukutu), mtu mzima tano. Mtu aliyeanza kusahau akiwa na miaka thelathini baada ya kununua simu mpya hapiti hapo.

Shoka Butu

Sawa Nesi, historia nimeipokea. Sasa nijibu hili: kwa nini wanaongezeka kila mwaka? Vinasaba vya binadamu vimebadilika ndani ya miaka ishirini?

Mzee wa Hoja

Swali la Shoka si la kupuuzwa, jamani. Na jibu lake si simu wala vinasaba, ni mlango wenyewe kupanuliwa. Fuatilieni matoleo ya mwongozo huo wa Nesi: wa 1968 ulizungumzia watoto watukutu tu. Wa 1980 ukaongeza wale wasio watukutu lakini wasio na umakini. Jina la ADHD lenyewe likaja 1987. Kisha 2013 umri wa dalili kuanza ukasogezwa kutoka miaka 7 hadi 12, na watu wazima wakapunguziwa idadi ya dalili. Ukipanua mlango, watu wataingia.

Na si wote wanaoingia wanastahili. Watafiti wa Kanada walichapisha mwaka 2012 takwimu za British Columbia, ambako shule hugawa madarasa kwa mwaka wa kuzaliwa. Wavulana waliozaliwa Desemba, yaani wadogo kuliko wote darasani, walikuwa na uwezekano wa asilimia 30 zaidi kuambiwa wana ADHD kuliko wa Januari. Wasichana asilimia 70. Hebu niambieni, ugonjwa gani wa ubongo unaojua kalenda ya shule?

Chaki Nyeupe

Mzee wa Hoja, nafundisha madarasa ya chini na hilo la Desemba nalisadiki kwa macho yangu. Mtoto wa miaka sita kasoro anawekwa na wa karibu saba, halafu tunaandika "hatulii".

Ila lina upande wa pili. Mwaka 2007 timu ya Philip Shaw ilipiga picha za ubongo za watoto kwa miaka kadhaa, ikaona kwamba gamba la ubongo la wenye ADHD hufikia unene wake wa juu kwa kuchelewa, wastani wa miaka 10 na nusu badala ya 7 na nusu. Kwa hiyo hata mtoto wa Januari mwenye ADHD, ndani ya kichwa ni kama wa Desemba ya miaka ya nyuma. Waliochelewa wapo kweli. Shida ni sisi walimu kumtofautisha aliyechelewa na aliye mdogo tu.

Na mkiona mtu anakuja kusema ni sukari, mwambieni mapema. Mwaka 1994 kina mama waliambiwa watoto wao wamepewa sukari, kumbe hawakupewa hata chembe. Walioambiwa hivyo waliwaona watoto wao watukutu zaidi kuliko wenzao walioambiwa ukweli.

Binti wa Foleni

Nilikuwa nimeshaandika ya sukari, nimefuta 😂

Baba Pacha

Nimesoma kwamba ADHD inarithiwa kwa asilimia 74. Kwa hiyo mzazi akiwa nayo, mtoto ana asilimia 74 za kuipata, si ndiyo? Nina pacha wasiofanana, mmoja anayo, mwingine ametulia kama karani. Hesabu imeninyima kimoja.

Daftari

@Baba Pacha, hiyo 74 ina maana nyingine. Ni makadirio kutoka tafiti za mapacha: ukichukua kundi zima la watu na kuangalia kwa nini wanatofautiana katika dalili hizi, karibu robo tatu ya tofauti hiyo inaelezwa na tofauti za vinasaba. Haisemi lolote juu ya mtoto mmoja mmoja. Mzazi mwenye ADHD anaweza kuzaa watoto wote wasio nayo, na wazazi wasio nayo wakampata aliye nayo. Wala hakuna kinasaba kimoja cha kukilaumu. Uchambuzi mkubwa wa 2023 ulipata maeneo 27 ya jenomu (yaani vinasaba vyote vya mtu kwa jumla) yanayohusika, kila moja likichangia kidogo sana.

Baba Pacha

Kwa hiyo mke wangu bado anaruhusiwa kulaumu ukoo wetu, au haruhusiwi?

Daftari

Anaruhusiwa nusu.

Fundi Saa

Mleta mada aliuliza nyumba inaendeshwaje, naona tumehamia maabara. Nirudi kwake.

Mimi tatizo langu kubwa halikuwa umakini, lilikuwa saa. Nikiwa na miadi saa tisa alasiri, siku yangu imekwisha tangu asubuhi. Siwezi kuanza kitu chochote kwa sababu "nina miadi". Nakaa, nangoja, nachungulia simu. Halafu saa nane na nusu naona bado kuna muda mwingi, naanza kufua. Nafika saa kumi kasorobo. Mtu asiyeijua hali hii hawezi kuelewa inakuwaje mtu aliyengoja siku nzima achelewe.

Russell Barkley, mtafiti wa Marekani aliyeandika sana juu ya jambo hili, anasema wenye ADHD wanajua la kufanya vizuri kabisa. Kinachokwama ni kulifanya pale linapohitajika, na ndiyo maana msaada uwekwe palepale kazi inapofanyika, siyo kwenye semina. Nimeufuata ushauri huo kwa vitendo. Saa ya mishale iko kila chumba pamoja na bafuni, kwa sababu mshale unauona ukila muda, tarakimu hazikuonyeshi. Kengele ya simu naweka mbili: moja ya kuacha ninachofanya, nyingine ya kutoka mlangoni. Ile ya kwanza ndiyo yenye kazi. Milango ya makabati nimeing'oa, maana nisichokiona hakipo duniani. Wageni wanauliza kama tunahama.

Na Kichwa Wazi, achana na stika. Chati ikizoeleka inageuka ukuta. Mimi nabadilisha kabla haijafa: mwezi huu stika, mwezi ujao shanga kwenye chupa, mwingine tunashindana na wimbo. Usitafute mfumo wa kudumu, tafuta unaokufaa sasa na uwe na mwingine mfukoni.

Kichwa Wazi

@Fundi Saa, hapo kwenye makabati nimesimama na kupiga makofi. Kuhusu kubadilisha mfumo, mtaalamu wetu alisisitiza msimamo, msimamo, msimamo. Nilikuwa najiona nimefeli kila tunapobadilisha.

Mke wa Mtu

Nimewasoma wote kimyakimya. Naomba niwe mkorofi kidogo, maana naona hapa wanaozungumza ni wenye hali hiyo tu. Mimi sina. Mume wangu anayo, na mtoto wetu wa pili anayo.

Huyu mwanaume anaweza kukesha anamtengenezea mtoto gari la maboksi lenye taa zinazowaka na usukani unaozunguka, halafu asubuhi asikumbuke kwamba mtoto huyohuyo anatakiwa avae soksi kabla ya kutoka. Watoto wanamwona yeye ndiye wa raha, mimi askari wa zamu. Mimi ndiye kengele, mimi ndiye kalenda, mimi ndiye "umechukua dawa?" Nikinyamaza, bili hailipwi ingawa pesa ipo. Nikisema, namdhalilisha. Tangu apimwe, kila nikilalamika naambiwa ubongo wake ndivyo ulivyo. Na ubongo wangu mimi uliochoka nani anaupima?

Msinijibu kwa tafiti tafadhali.

Mama Wawili

Dada, pole. Sina tafiti. Mume wangu angeweza kuandika hayo neno kwa neno kunihusu, na ingeniuma kwa sababu ni kweli.

Fundi Saa

@Mke wa Mtu, kwetu kilichopunguza ugomvi ni kuacha kugawana kazi nusu kwa nusu. Nina kazi zangu ambazo ni zangu mwanzo mpaka mwisho: kuogesha watoto, gari, karatasi zote za shule. Mwenzangu haruhusiwi kunikumbusha hata nikiharibu. Nikisahau fomu, mwalimu ananipigia mimi. Kwa tabia yangu, aibu ya mtu wa nje inanisukuma kuliko kukumbushwa na mtu wa ndani.

Mke wa Mtu

Nimelijaribu hilo. Anayelia fomu ikisahaulika si mwalimu wala baba, ni mtoto aliyebaki darasani wenzake wakienda ziara. Kwa hiyo naishia kukumbusha.

Mzee wa Hoja

Hilo sina jibu lake, na nadhani wenye majibu ya haraka humu wanyamaze kidogo.

Nusu Usingizi

Kabla hamjajipima wote, pimeni usingizi kwanza. Mzazi wa mtoto mdogo anayelala vipandevipande atasahau, atakasirika upesi, hatamaliza sentensi. Mimi niliaminishwa nina ADHD, kumbe usiku nakoroma na pumzi inakatika. Nilipotibiwa hilo, nusu ya "ADHD" yangu iliondoka. Ndugu yangu yeye ilikuwa tezi ya shingo. Mwingine upungufu wa madini ya chuma. Sonona nayo huharibu umakini vibaya sana.

Nesi wa Zamu

Nusu Usingizi kasema jambo la maana, na ndiyo sababu vipimo hivi visifanywe kwa dodoso la mtandaoni peke yake. Lile dodoso la watu wazima lililotolewa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 18, kazi yake ni kuchuja. Linasema nenda kaonwe. Halisemi unayo.

Ila kumbuka vitu hivi vinakaa pamoja pia. Wenye ADHD wengi saa yao ya usingizi imesogea mbele, saa nne za usiku ndiyo kwanza kichwa kinachangamka. Kwa hiyo kupata tatizo la usingizi hakufuti ADHD, na kupata ADHD hakufuti usingizi. Na hiyo nusu iliyobaki kwako, umewahi kuichunguza?

Nusu Usingizi

Naogopa kuiuliza 😅

Kona Tulivu

Kuna kundi hamjaligusa: sisi wenye ADHD na usonji kwa pamoja. Kabla ya 2013 mwongozo huo mnaoutaja haukuruhusu mtu apewe vyote viwili, ukipata usonji basi ADHD inafutwa. Kwa hiyo wapo watu wazima wengi wanaotembea na nusu ya jibu.

Ndani ya mtu mmoja ni ugomvi mtupu. Nataka ratiba isiyobadilika, na siwezi kuifuata ratiba. Nataka ukimya, na ukimya unanichosha natafuta kelele. Ukiwa mzazi, shida inakuwa sauti. Watoto wawili wanaongea kwa pamoja, birika linapiga filimbi, televisheni iko wazi, na mtu ananiuliza swali. Najikuta nimefoka kwa jambo ambalo halistahili. Siku hizi navaa viziba masikio vinavyopunguza sauti bila kuizima, na watoto wanajua mama akivivaa hajakasirika. Ushauri wa @Fundi Saa wa kubadilisha mfumo kila mwezi kwangu ni sumu, nikibadilishiwa chati nalia mimi kabla ya mtoto.

Binti wa Foleni

Naomba niulize bila kuhukumiwa. Mwanangu anatumia Ritalin. Kuna asubuhi natazama ile chupa, nakumbuka rundo la kazi linalonisubiri, najiambia kidonge kimoja tu nione kama na mimi ninayo. Kuna aliyewahi?

Nesi wa Zamu

Usifanye hivyo, na nakueleza kwa nini ili usione nakufokea. Kwanza, dawa hizi hupandisha mapigo ya moyo na presha, ndiyo maana mtu mzima hupimwa kabla ya kuanza na huendelea kufuatiliwa. Pili, haithibitishi chochote. Dawa za kuchangamsha ubongo zinaweza kumfanya hata asiye na ADHD ajione yuko macho na anaweza, kwa hiyo "imenisaidia" si kipimo. Tatu, methilifenideti, ambayo ndiyo hiyo Ritalin, iko kwenye Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, dawa inayodhibitiwa, na ya mtoto imehesabiwa. Utakayemkata dozi ni yeye. Wewe nenda kaonwe kwa jina lako mwenyewe.

Shoka Butu

Hapo ndipo ninaposema siku zote. Dawa inayodhibitiwa na Umoja wa Mataifa, mnawapa watoto.

Daftari

Morfini nayo inadhibitiwa, na mgonjwa wa saratani anapewa. Udhibiti unasema dawa inaweza kutumiwa vibaya, hausemi haifanyi kazi. Methilifenideti ilitengenezwa 1944 na Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, na jina Ritalin limetokana na Rita, jina la utani la mkewe. Iko sokoni tangu miaka ya 1950, si dawa ya jana.

Lakini nisije nikaonekana nauza dawa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1999 ulifuata watoto 579 kwa miezi 14. Kwa dalili zenyewe za ADHD, dawa iliyosimamiwa vizuri iliishinda tiba ya tabia peke yake. Walipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, tofauti kati ya makundi ilikuwa imeyeyuka. Wanaopenda dawa hutaja sehemu ya kwanza, wasioipenda hutaja ya pili. Wapo pia wanaotumia atomoksetini, ambayo si ya kundi la kuchangamsha, hasa wale ambao zile nyingine zimewanyima usingizi au hamu ya kula.

Jembe

Mimi nina maelezo mengine kabisa. Hii si hitilafu. Ni ubongo wa mwindaji na mfugaji anayehama, umefungiwa ofisini. Kuna utafiti wa mwaka 2008 kwa Waariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya: wenye aina fulani ya kinasaba cha dopamini (kemikali ya ubongo inayohusika na umakini na hamasa) kinachohusishwa na ADHD walikuwa na afya nzuri wakiwa wanahamahama, na dhaifu wakiwa wamekaa kijijini. Kwa hiyo kinachoumwa ni mazingira.

Daftari

Jembe, utafiti upo na ni mzuri, ila umeuongezea chumvi. Ulipima hali ya lishe ya wanaume, uzito kulinganisha na urefu. Haukumpima mtu hata mmoja ADHD. Na kinasaba hicho mchango wake kwa ADHD ni mdogo mno. Kutoka uzito wa mwili hadi "mazingira yanaumwa" umeruka mito miwili.

Jembe

Mwindaji huruka mito 😎

Lakini hoja iko palepale. Nilipokuwa dereva wa magari ya dharura nilikuwa bora kuliko wote. Waliponipandisha cheo nikae mezani na ripoti, nikawa mgonjwa. Ubongo ni uleule.

Mama Wawili

Jembe, hiyo naielewa, lakini watoto wangu hawawezi kuishi ndani ya dharura ili mimi niwe bora.

Hina Mkononi

Wenzangu wa rika langu je? Mimi nilikuwa naimudu hali hii mpaka nilipokaribia ukomo wa hedhi. Ghafla majina yakapotea, nikawa naingia chumbani na kusahau kilichonipeleka. Mtaalamu alinieleza kwamba estrojeni inasaidia dopamini ifanye kazi yake, na homoni hiyo ikianza kuyumba, aliyekuwa anajikongoja anaanguka. Sikuwahi kusikia mtu akilisema hili, na ninaona hata humu limepitwa. Binti yangu naye anasema wiki moja kabla ya hedhi dawa yake ni kama maji.

Mama Wawili

Hata mimi ile wiki naijua, nilifikiri ni ukorofi wangu tu. Asante.

Daftari

Narudi kwenye hoja ya kwanza kabisa, maana nimeifikiria tangu asubuhi. @Kichwa Wazi anataka mzazi apimwe siku hiyohiyo. Ushahidi unampa nguvu upande mmoja: mwaka 2002 Edmund Sonuga-Barke na wenzake Uingereza walionyesha kwamba mafunzo ya malezi yaliwasaidia watoto wadogo, isipokuwa wale ambao mama zao walikuwa na dalili nyingi za ADHD. Watoto hao hawakusogea. Kwa hiyo droo ya Kichwa Wazi ni jambo la kisayansi.

Basi watu wakasema vyema, tumtibu mama kwanza. Wajerumani wakafanya hivyo, matokeo yakatoka 2015. Kundi moja la kina mama lilitibiwa ADHD yao kwa dawa na tiba ya kikundi, jingine likapewa ushauri wa kawaida, kisha wote wakafundishwa malezi. Kina mama waliotibiwa walipata nafuu zaidi. Watoto wa makundi yote mawili walipiga hatua, lakini tofauti ya maana kati yao haikuonekana.

Kichwa Wazi

Daftari, umenipa na umeninyang'anya kwa mkono mmoja. Lakini mimi sikuipima faida yangu kwa dalili za mtoto. Tangu nianze tiba, dalili za mwanangu ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba akipoteza sweta sifoki. Nashika tochi, tunatafuta wote. Sijui watafiti wanaliweka hilo kwenye safu gani.

Mzee wa Hoja

Kwenye safu ya "kina mama waliotibiwa walipata nafuu zaidi". Imo.

Kichwa Wazi

Swali jingine basi, kabla uzi haujahamia kwa Waariaal tena. Mtoto mmemwambia? Wangu ana miaka tisa. Anajua anatumia dawa ya "kusaidia shule". Hajui jina, wala hajui kwamba na mimi ninayo.

Chaki Nyeupe

Mwambie. Darasani ameshajipa jina tayari, na si zuri. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia yeye ni "wa kuharibu". Hakuna mtu aliyemwambia hivyo kwa mdomo, amejumlisha mwenyewe.

Kona Tulivu

Nilimwambia wangu kwa kuanza na yangu: mama akisikia kelele nyingi anakuwa hivi, na wewe ukikaa muda mrefu unakuwa vile. Jina lilikuja baadaye, halikumshtua.

Baba Pacha

Kwangu mgumu ni yule asiye nayo. Mwenzake anapata stika kwa kuvaa viatu, yeye anavaa viatu kila siku hapati kitu. Juzi kaniuliza nini kinatakiwa ili na yeye aumwe.

Mke wa Mtu

@Baba Pacha, swali la huyo mtoto ndilo langu.

Shoka Butu

Mimi ningekuwa baba yake nisingemwambia kitu mpaka aulize mwenyewe. Mtoto ukimpa jina atalitumia. "Siwezi hesabu, nina ADHD." Nimewasikia watu wazima wakilitumia hivyo humuhumu.

Nesi wa Zamu

Shoka, ungengoja aulize kwa maneno? Watoto wengi huuliza kwa kuficha vidonge chini ya godoro. Wewe ungekuta vidonge hivyo ungefanya nini?

Shoka Butu

Ningemwita mama yake.

Mke wa Mtu

Nilijua tu 🙄